Kwa Mama, Kutoka kwa Mwizi wa Tembe Zako

Mama,

Kaa vizuri kwanza, usishtuke. Mikono ya Njoroge imeanza kucheza.

Nimeiandika habari hiyo upesi kabla moyo haujanigeuka. Wewe mwenyewe ulizoea kusema neno gumu litolewe asubuhi, likilala ndani linaoza. Basi limetoka. Lakini sikuketi hapa mezani ili nikulilie, machozi nimeyamaliza. Nimekuja kukushukuru. Kuna jambo lilitokea Jumapili asubuhi jikoni, na aliyelifanya ni wewe, ingawa umelala kule kwenye misipresi miaka hii yote.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa chetu sisi wawili. Kikuyu changu ulikicheka mpaka ukashika mbavu, na Kinandi ulikataa kabisa kujifunza, ukasema ulimi wako umezeeka. Tukabaki na hiki cha kuokoteza, wewe ulichokipata jikoni kwa Mzungu, mimi nilichokipata shuleni kabla baba hajasema yatosha. Hata jina langu ulilibadilisha ukalifanya lako. Mpaka leo mtu akiniita Chebet naona kama anamwita jirani. Mimi ni Shebeti.

Habari za nyumbani ni nyingi. Ile mikaratusi ya mpakani jirani ameikata yote akauza nguzo, sasa upepo wa mwezi wa saba unatuingia mpaka kitandani. Ng'ombe wako mwenye pembe moja amekuwa nyanya, ana wajukuu wawili na wote ni wakaidi. Wambui wetu, aliyebeba jina lako, yuko shule ya bweni na ni mbishi kama mwenye jina. Juzi alikuja likizo akanisahihisha Kiswahili mbele ya wageni, nikatamani kumpiga na mwiko. Baba yangu yupo, bado anauita mji wa Eldoret Sisibo kama watu wa zamani, na bado anasema maziwa ya siku hizi ni maji tupu. Anakusalimu. Alisema nisisahau, kwa hiyo nimeandika.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana Jumapili haieleweki bila yale ya zamani.

Unakumbuka siku niliyokuja? Kampuni ya watu wa kwenu ilikuwa imenunua shamba la yule Mzungu, mkapiga kura kwa karatasi ndani ya kofia, nyinyi mkaangukia kipande chenye josho la ng'ombe na ghala la ngano. Watu waliwaonea huruma. Josho la nini, na hamna hata ng'ombe mmoja wa kuogesha! Wewe ukasema ghala lina paa, na mwenye paa hana haja ya kulia, mkahamia humo na mablanketi yenu. Na kabla panya wa Mzungu hawajawazoea, kijana wako wa pekee, Njoroge, akakuletea msichana wa Kinandi kutoka ng'ambo ya mto. Ngai! Sura uliyoivaa siku ile naiona hata sasa. Watu wa kampuni walikuwa wakinong'ona kwamba wenyeji wanangoja mlale wawachome. Watu wetu nao walikuwa wakinong'ona kwamba malisho ya babu zetu yameuzwa kwa wageni sisi tukitazama. Na mimi nimesimama mlangoni katikati ya manong'ono hayo yote, nimeshika kibuyu cha maziwa ya mursik mama yangu alichonipa nikupelekee.

Ukaniangalia. Ukakiangalia kibuyu. Ukasema, "Wewe kwanza."

Sikukasirika hata kidogo. Kwetu pia anayempa mtu maziwa huonja yeye kwanza, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Na Njoroge alikuwa ameniambia kwenu mwenye pombe hunywa wa kwanza. Nikaona, kumbe huyu mama na sisi tuna adabu moja. Nikamimina kwenye kifuniko, nikanywa, nikapangusa mdomo. Ndipo ukanywa na wewe. Ukakunja uso wote, ukasema, "Hii maziwa nachoma pua. Leta ingine."

Tangu siku hiyo ikawa mchezo wetu. Nikikuletea uji, "Wewe kwanza." Chai, "Wewe kwanza." Mara nyingine nilikuwa nakunywa nusu kikombe kwa makusudi, na wewe unapiga kelele ati nyumba hii imeingiliwa na mwizi. Njoroge alikuwa anatuangalia kama watu wawili waliorukwa na akili. Jamani, tulicheka.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Uliketi kanisani, mikono imelala mapajani, na vidole vinacheza vyenyewe kama vya mtu anayepukuchua mahindi. Tukasema ni baridi. Kisha mabega, kisha mguu ukawa unarushwa ukitembea, na wanawake wa soko la Turbo wakaanza kusema Mama Njoroge anapitia kwa wauza busaa kabla ya kuja sokoni. Wewe usiyeonja pombe tangu ubatizo! Niligombana na mmoja wao mpaka kapu langu la viazi likamwagika njiani. Hilo sikukuambia.

Halafu zikaja sauti. Ulisema ziko juu ya paa, ni za wanaume, na wanataja jina lako. Ulisema wanataka ardhi irudi na wamemtuma mtu ndani ya nyumba. Na siku moja nilipokuletea uji, ukasema kama kawaida, "Wewe kwanza." Nikanywa huku nacheka. Wewe hukucheka. Ulikisukuma kikombe ukasema nimeweka dawa ya josho, na kwamba mimi nimeshazoea sumu kwa sababu watu wetu hunyweshwa tangu utotoni.

Mama, sijawahi kukuambia jinsi neno lile lilivyonikata. Nilikwenda zizini nikamkumbatia ng'ombe shingo nikalia. Nilijua ni ugonjwa unaosema, lakini ulisema kwa mdomo wako.

Mengine unayajua, au pengine huyajui, maana hukuwa wewe. Ulikonda. Ulikula tu viazi ulivyovichimba mwenyewe na kuvichoma mwenyewe. Siku moja ulitoka mpaka barabara kubwa ukasimama mbele ya lori la mahindi, dereva akafunga breki, na utingo akateremka akikutukana matusi ya kutisha. Siku hiyo Njoroge alikufunga mguu kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya ghala. Alipomaliza kufunga fundo aliketi chini kando yako na kulia kama mtoto. Wewe ulimpangusa kamasi. Hata ukiwa umefungwa ulikuwa mama yake.

Ndipo akaja shemeji yako, Mzee Kariuki, na watu wawili wa kamati ya kampuni. Maneno yao yalikuwa mapole. Walisema mama huyu arudishwe Murang'a, kwenye kile kibanda alichofungwa kaka yake mpaka akafa, maana ugonjwa ni ule ule na nyumba yenu inaujua. Na huku shamba litulie. Njoroge alitazama ile kamba tu. Mimi nilikuwa mke wa juzi, na Mnandi juu yake, mbele ya wazee wa Kikuyu, sikuwa na kiti cha kusemea. Lakini nilisema. Nilisema mama haendi popote kabla daktari hajamwona, na anayetaka kumpeleka anipitie mimi hapa mlangoni. Mzee Kariuki akashtuka mpaka akacheka. Akasema sawa, mwende, lakini mkirudi mikono mitupu, gari la Murang'a litakuja.

Daktari yule wa Eldoret, kijana mrefu wa kutoka Kakamega, nampenda mpaka leo. Hakukimbilia kuandika dawa. Alikuketisha akakutazama tu, mpaka ukamuuliza kama hajaona mwanamke. Akakuomba utoe ulimi. Ukautoa, ulimi ukarudi wenyewe ndani. Akasema tena, mama, utoe uuache nje. Ukautoa, ukarudi. Ulimkasirikia huo ulimi kweli! Kisha akauliza habari za wazazi wako, na wewe, siku hiyo akili ikiwa imetulia kidogo, ukasimulia: mama yako alirusharusha mikono mpaka kaburini, na kaka yako alikuwa akizungumza na ukuta na kuukimbia uji.

Daktari akamgeukia Njoroge. Alisema ugonjwa huu haukutumwa na mtu, na haukutoka kwa jirani. Unapita kwenye damu ya uzazi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anapiga kura yake, na karatasi kofiani ni mbili tu: moja inao, moja haina. Hakuna wa kuchagua. Njoroge akasema polepole, "Kama kura ya shamba." Daktari akasema ndiyo, kama kura ya shamba. Nilimwona mume wangu akiitazama mikono yake. Alikuwa kijana bado.

Dawa ya kuung'oa hakuna, daktari alisema, asije mtu akatudanganya na kutula mali. Lakini zile sauti na ile hofu ya sumu zina dawa, na dawa hiyo hiyo huenda ikatuliza na mikono. Akatupa tembe. Akasema zimezwe kila siku, zisikosekane, na turudi tumwambie zinavyokwenda.

Tukarudi nyumbani na matumaini, kumbe kazi haijaanza. Nilikuwekea tembe kwenye kisosi na maji kando. Ukaitazama ile tembe kama mdudu. Ukanitazama mimi.

"Wewe kwanza."

Sasa ningefanya nini, Mama? Ningekuambia dawa haionjwi? Mtu aliyeambiwa na paa kwamba mkamwana wake anamuua, nikikataa kuonja nitakuwa nimelithibitishia paa. Na gari la Murang'a linangoja. Nikachukua tembe moja, nikaitia mdomoni, nikameza, nikakuonyesha ulimi. Wewe ukachukua ya pili ukameza.

Nilifurahi. Nikajiona mjanja kuliko daktari. Baada ya muda, nikiwa nakamua, macho yakaanza kufumba. Niliamka nimeegemea ubavu wa ng'ombe, ndoo imepigwa teke, maziwa yote chini. Kesho yake tena: "Wewe kwanza." Nikameza tena. Na kesho kutwa. Mdomo ulinikauka kama nimekula majivu. Nikiinuka upesi, dunia inazunguka. Nililala kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa nikakoroma, mke wa mzee wa kanisa akaniamsha kwa kiwiko. Wengine wakasema Shebeti ana mimba. Njoroge akaninusa mdomo, ati nimeanza chang'aa! Na mimi siwezi kumwambia, kwa sababu najua atanikataza, na akinikataza wewe hutameza.

Hapo katikati nilikuwa naona kitu kingine. Ulikuwa husikilizi tena paa. Ulikuwa unanisikiliza mimi. Uliniuliza kwa nini napiga miayo. Uliniuliza kama Njoroge ananisumbua. Siku moja ulikula githeri kutoka sufuria moja na sisi, nasi tukaendelea kula kama kawaida, tuliogopa kuiharibu.

Kisha ikaja ile siku ya githeri iliyoungua. Nilikuwa nimeiinjika motoni, nikaketi mezani kuchambua mboga, na nikalala uso juu ya mboga. Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka. Sufuria ilikuwa imeepuliwa, moto umezimwa vizuri. Blanketi lako jekundu lilikuwa mabegani mwangu. Wewe uliketi mbele yangu, umeshika kile kikopo cha tembe kwa mikono yote miwili ili kisitikisike, na ulikuwa unalia bila sauti. Ulikuwa umejua.

Ukasema, "Shebeti. Wewe nameza hii yote kwa sababu yangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Na ukakasirika, Mama, ukakasirika kweli kweli, uso wako ule wa zamani ukarudi. Ukanitikisia kikopo. "Mwizi! Hii dawa ni yangu. Daktari napea mimi. Acha kuiba dawa yangu!"

Ukamimina tembe moja mkononi, ukameza mbele yangu bila kuniambia nionje, ukatoa ulimi. Ulimi ukarudi wenyewe. Ukautoa tena kwa nguvu. Tukaanza kucheka, na kulia, na Njoroge akaingia akatukuta hivyo, akauliza kumetokea nini, na sisi tukazidi kucheka. Siku hiyo nilijua huendi Murang'a.

Daktari alipoambiwa, alinigombeza mpaka wauguzi wote wakasikia. Alisema dawa ile si uji, ningeweza kuanguka motoni, ningeweza hata kufa, na nisirudie kamwe. Nikasema ndiyo, daktari. Halafu akageukia ukuta na mabega yake yakawa yanatikisika, na haukuwa ule ugonjwa wako.

Haikuwa rahisi baada ya hapo pia. Ulikakamaa. Miguu ikawa mizito, uso ukawa hauna kucheka, mate yakawa yanakutoka, na mimi nikadhani dawa imekuibia roho. Tukarudi mjini. Daktari akapunguza, akasema tunatafuta mahali ambapo sauti zimenyamaza na mama bado yumo ndani. Mikono ikarudia kucheza kidogo, lakini sauti hazikurudi, na wewe ulirudi. Ukasema heri mikono icheze, mradi kichwa kikae. Hicho kipimo ndicho tulichokaa nacho.

Na ile miaka, Mama! Mzee Kariuki alikuja kukutazama akakukuta unamfokea mtu aliyefunga punda kwenye viazi vyako. Akarudi alikotoka bila gari lolote. Ulikwenda kwa mama yangu ng'ambo ya mto, mkakaa mezani mnazungumza kila mmoja kwa lugha yake na mkaelewana, sijui kwa njia gani. Ulimshika Wambui alipozaliwa, ukiwa umekaa chini kwenye mkeka, mikono yangu chini ya yako, ukamwita kwa jina lako mwenyewe. Kamba ya ng'ombe uliniambia nikamfungie ng'ombe, na ndivyo nilivyofanya.

Kuna jambo moja lilikuwa likinikera. Ulikuwa unakataa kumezea tembe chumbani. Lazima iwe mezani, asubuhi, na lazima Njoroge awe ameketi hapo. Yeye alikuwa hataki kuona. Aligeuza uso dirishani. Na wewe unamngoja! Uji unapoa, unamngoja. "Njoroge, angalia." Akiangalia, ndipo unameza na kutoa ule ulimi mkaidi. Nilidhani ni maringo. Nilidhani, huyu mama anataka kupongezwa kama mtoto aliyemaliza chakula. Hata nilikuambia siku moja umwache kijana wa watu anywe chai yake kwa amani. Ukaniambia, "Shebeti, nyamaza, hii si kazi yako."

Ulipofika wakati wako, hata maji yalikuwa yanakupalia. Mvua ilinyesha wiki nzima na kifua kikajaa. Lakini ulikufa ukitujua sisi sote kwa majina. Kaka yako hakujua mtu. Ulitaka kuzikwa hapa hapa, kwenye misipresi kando ya josho, na watu wa pande zote mbili za mto wakashika sepetu. Baba yangu alirusha udongo wa kwanza baada ya Njoroge. Hayo nafikiri uliyaona.

Sasa nikuambie ya Jumapili.

Vidole vya Njoroge vilianza baada ya mavuno. Niliviona kanisani, nikaangalia pembeni, nikaviona tena. Yeye alikuwa akiviona pia, akawa anaketi juu ya mikono yake. Kisha akaanza kuamka kabla ya jogoo na kuzunguka ghala, akisema watu wa kamati wanataka kumnyang'anya hatimiliki. Na wiki mbili zilizopita alisukuma sahani yake. Akanusa. Akasema chakula kina harufu ya dawa ya josho.

Josho lile lilifukiwa, Mama. Wambui amepanda maua juu yake.

Nilikwenda mjini peke yangu kwanza. Daktari wetu alihamishwa, yupo mwingine sasa, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo. Nikamweleza habari zako zote. Akamwita Njoroge, naye akaja kwa shida, akatoa ulimi, ukarudi. Tembe akatupa, kidogo kidogo, akasema huanza na chache tu kwa watu wa ugonjwa huu. Njiani kurudi nilikuwa nahesabu moyoni mambo yote ya zamani: kikombe kilichosukumwa, lori, kamba. Nilikuwa tayari kufungwa na kutukanwa upya. Jambo moja tu lilinishinda, kuitwa muuaji na mdomo ninaoupenda kwa mara ya pili.

Jumapili asubuhi niliweka uji. Nikaweka tembe kwenye kisosi, kisosi chako kile chenye ufa. Njoroge akaitazama. Akanitazama mimi. Macho yalikuwa yale yale, Mama, macho yako ya siku ile. Nikajua linalokuja. Nilisahau daktari, nilisahau ahadi, nikanyoosha mkono nikaichukua tembe niitie mdomoni.

Akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa unacheza juu ya wangu. Akatazama kiti chako pale upande wa dirisha. Kisha akasema:

"Wacha, Chebet. Mama alishaonja."

Akaichukua. Akameza. Akatoa ulimi, ukarudi, akautoa tena.

Niliketi chini sakafuni. Ndipo nikaelewa ulikuwa unafanya nini asubuhi zile zote, uji ukipoa, "Njoroge, angalia." Ulikuwa unajua karatasi yake huenda ikawa kama yako. Ulijua siku moja itakuja asubuhi ambayo hatamwamini mtu yeyote aliye hai, hata mimi. Ukaonja kwanza wewe, kila siku, miaka yote ile, mbele ya macho yake. Na mimi nikasema ni maringo! Asante, Mama. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo katika Kiswahili chetu cha kuokoteza, na katika Kinandi na Kikuyu nimetafuta pia, sijalipata.

Leo ni siku ya tano. Hajasema lolote kuhusu josho. Jana alikula ugali na akaniomba chumvi, nikatoka nje nikaimba. Najua tembe hazitamrudishia mikono, na najua yatakayokuja baadaye kwenye koo na kifua, nimeyaona kwako. Lakini sitaogopa kabla ya wakati wake.

Nakuahidi haya. Kamba itafunga ng'ombe tu. Wambui tutamwambia habari ya kura sisi wenyewe, akiwa mkubwa kidogo, mezani, kwa sauti ya kawaida, asije akaisikia sokoni. Na kila asubuhi ya likizo Njoroge akimeza, nitamwita Wambui aketi hapo aangalie, hata akigeuza uso dirishani, hata uji ukipoa. Nitamngoja kama ulivyongoja.

Githeri imeanza kunukia, naikimbilia kabla haijaungua. Pumzika na upepo wako, Mama. Kikopo kiko juu ya kabati, na mimi sikigusi ila kumpa mwenyewe.

Mwizi wako aliyeacha,
Shebeti